Tezo Yenye Pengo

Ugomvi wa Fundi na shemeji yake ulikuwa umeshaota ndevu, na aliyeuzaa ni tezo.

Tezo hiyo ilikuwa ya marehemu baba yake Fundi. Mpini wake ulikuwa umebadilishwa mara nyingi, lakini chuma kilikuwa kile kile, na makali yake yangeweza kumnyoa mtu kidevu. Kwa tezo hiyo Fundi alikuwa amechonga kila mashua iliyopata kuelea katika ziwa la juu. Hakuwa akimwazima mtu yeyote. Hata dada yake, aliyezaliwa naye tumbo moja, alipoingia bandani kumletea chai aliipita ilipotundikwa ukutani kama mtu anavyompita mbwa asiyemjua.

Siku moja, mvua zilipokuwa zinaanza, Fundi aliingia bandani akakuta msumari mtupu. Tezo aliisikia kabla ya kuiona: ko, ko, ko, chuma juu ya saruji. Akaifuata ile sauti mpaka nyuma ya jiko. Pale alimkuta mume wa dada yake, msimamizi wa kituo cha maji, amechuchumaa kwenye mfereji, anabandua saruji iliyouziba.

"Aa, shemeji, umekuja!" akasema yule bwana kwa furaha. "Nimeikuta imelala tu ukutani, nikasema heri ifanye kazi. Mfereji ulikuwa unanuka huu!"

Fundi alimnyang'anya tezo, akapitisha kidole gumba kwenye makali. Katikati palikuwa na pengo, mfano wa mtoto aliyeng'oka jino la mbele. Akamtazama shemeji yake, akaitazama tezo, akageuka akaenda zake. Tangu siku ile hakumpa tena hata salamu.

Kununa nako kunataka nafasi, na pale kituoni nafasi haikuwepo. Mtu angedhani ipo, maana kila upande ni mbuga tupu. Ziwa lilikuwa limelala juu kabisa, mbali na mji, katikati ya nyanda za nyasi na udongo mweusi ulioloa, udongo unaotikisika ukiukanyaga kana kwamba umekanyaga tumbo la mnyama aliyelala. Miti ilikuwa michache, mifupi, imeinama upande mmoja kwa upepo. Asubuhi ukungu ulishuka, paa wakaja kunywa maji, na fisimaji wakacheza kwenye mawe. Lakini katika upana wote huo wanadamu walikuwa na nyumba za wafanyakazi, chumba cha pampu, banda la mashua na jiko. Jiko moja, meza moja, birika moja. Ukimnunia mtu, unamnunia huku umeshika kikombe chake.

Ndipo wakampata paka.

Alikuwa paka wa jikoni, mwenye sikio lililoliwa na nani sijui. Fundi akitaka chumvi iliyokuwa upande wa shemeji yake, alisema, "Paka, mwambie huyo aliyeketi karibu na chumvi kwamba watu wengine nao wana ulimi." Na shemeji naye, kwa kuwa hakuwa mtu wa kushindwa, alijibu, "Paka, mwambie ndugu yako kwamba chumvi ikizidi hupandisha presha, na yake iko juu tayari." Dada yake Fundi, aliyekuwa mpishi wa kituo, alimpa paka jina la Mjumbe. Mwanzoni alicheka. Baadaye alizoea, na mambo mabaya mengi huanza pale watu wanapoyazoea.

Shemeji huyo watu walimwita Bwana Usafi. Maisha yake yote alifanya kazi ya mabomba mjini, mpaka Idara ya Maji ilipomleta juu kusimamia lango la maji na pampu. Akamkuta mpishi, akampenda, akamwoa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ufagio. Alifagia uwanja, akafagia njia, akapaka chokaa mawe ya kando ya njia, na siku moja walimwona anafagia mbuga yenyewe pale ilipogusa uzio. "Mume wangu akifa," mkewe alisema, "atafufuka siku ya kwanza kulalamikia vumbi la kaburi."

Kaburi. Hilo ndilo neno ambalo Fundi hakulipenda siku zile. Upande wa chini wa ziwa, pale mbuga inaposhuka karibu ilingane na maji, palikuwa na kilima kidogo chenye mawe yaliyopangwa. Hapo alilala mama yao. Alichunga kondoo katika mbuga ile mpaka miguu ikamgomea, na alisema azikwe pale ili aendelee kuwaona. Sasa Idara ilitaka kuinua ukuta wa bwawa unaozuia maji ya ziwa. Mji umekua, walisema, mji una kiu. Ukuta ukiinuliwa, maji yangepanda, yangeimeza mbuga yote ya chini, na kilima, na mawe, na mama.

Lilikuwepo jambo moja tu la kuuzuia ule ukuta, nalo lilikuwa ndege mdogo wa kahawia asiyejua kuruka vizuri. Anaitwa kibisi. Ukimwona sasa hivi, sasa hivi hayupo: amezama, na atatokea pale usipopatazama. Kwingine kote nchini vibisi wa aina ile walikuwa wamekwisha. Sheria ilisema mahali wanapotagia, kina cha maji hakiguswi. Kwa hiyo Idara ilikuwa imekubali kumleta mtaalamu wa ndege aone kwa macho yake. Akiona viota, ukuta hauinuliwi. Asipoona, basi.

Habari ya kuja kwake ililetwa na redio ya kituo, asubuhi, watu wakiwa mezani.

"Kesho!" Bwana Usafi aliruka kama aliyekalia siafu. "Mgeni kesho, na ziwa liko vile! Mke wangu, umeliona lile ziwa?"

"Nimeliona tangu nizaliwe," mkewe akasema. "Limelowa, kama kawaida."

"Ni chafu! Chupa kwenye mawe, matawi, na yale matakataka kwenye matete. Mtu atoke huko kwao, aje alale hapa, aone uchafu? Atasema sisi ni watu gani?" Kisha akageukia chini ya meza. "Mjumbe, mwulize mwenzako anayelijua ziwa: yale mabiwi ya majani yaliyooza, yanayoelea kwenye matete, yana kazi yoyote au ni takataka tu?"

Hapo ndipo mtu angetega sikio. Lakini kwa muda mrefu Fundi alikuwa akiisikiliza sauti ile kama mtu anavyomsikiliza mbu: si kwa kutaka kujua anasema nini, bali kujua yuko wapi ili ampige. Katika maneno yote yale alidaka moja tu, takataka. Akaweka kikombe chini.

"Mjumbe," akasema, "mwambie aliyekutuma kwamba takataka ya kwanza ya ziwa hili ililetwa na gari la Idara, na imeoa hapa hapa."

Dada yake alishindwa kujizuia, akacheka mpaka mwiko ukamponyoka. Bwana Usafi akawa mwekundu masikioni. Akanywa chai yake yote kwa mkupuo, akasimama.

"Mke wangu, mwambie kaka yako nataka reki mbili. Mpini mrefu. Mrefu sana."

"Kaka, umesikia. Reki mbili, mpini mrefu."

"Mwambie mumeo atazipata kabla jua halijazama," Fundi akasema, "na hataona kasoro hata akizitafuta kwa taa."

Hakuuliza za nini. Mtu aliyenuna haulizi.

Akaenda bandani akachagua mti mkavu, mwepesi, ulionyooka. Akaupiga randa mpaka ukateleza mkononi. Meno ya reki aliyachonga moja moja, akayapinda kidogo kwenye ncha ili yashike yasiachie. Alifanya kazi ile kwa chuki, na chuki ikampa mikono mizuri. Alipomaliza, zilikuwa reki nzuri kuliko zote alizopata kutengeneza, nyepesi kiasi kwamba mtu angesimama ndani ya mashua akavuta kitu kilichokuwa mbali bila kuchoka. Akaziegemeza kwenye mlango wa jiko bila kubisha.

Kesho yake alfajiri, kabla wengine hawajaamka, Fundi alivuka mbuga kwenda kilimani kwa mama. Alitaka kung'oa majani na kuyasimamisha mawe yaliyolala, ili mgeni akipita aone kwamba mahali pale pana mwenyewe. Alikaa huko mpaka ukungu ukainuka. Kwale walilia nyasini. Mwewe alining'inia juu bila kutikisika. Fundi alimwambia mama yake mambo mawili matatu kuhusu mkwe wake, mambo ambayo mama, angekuwa hai, asingekubali kuyasikia.

Aliporudi, akaupanda mwinuko wa mwisho na ziwa likafunguka mbele yake, alihisi kwamba kuna kitu hakiko sawa, lakini hakujua nini. Maji yalikuwa yanang'aa. Ukingo wa matete ulikuwa umenyooka, hauna kitu, kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Na katikati ya ziwa vibisi walikuwa wanazunguka, wanazama, wanatokea, wanalia. Ile haikuwa sauti yao ya siku zote, ya kuitana wakichezacheza juu ya maji. Ilikuwa ndefu, kavu, haikatiki.

Fundi akaanza kukimbia. Mtu wa umri wake hapaswi kukimbia katika udongo ule. Alianguka, akainuka, akaanguka.

Ukingoni palikuwa na biwi. Kubwa, limepangwa vizuri, kingo zimesawazishwa, kama mwenye kazi yake alivyozoea. Majani ya majini, meusi, yaliyooza, yalikuwa yanafuka mvuke juani.

Mtu asiyejua ataona uchafu, na hapo ndipo kibisi alipomzidi akili binadamu. Hajengi kiota juu ya mti wala nchi kavu. Hukusanya majani yaliyooza, akayarundika juu ya maji, akayafunga kwenye matete yaelee, akataga humo. Na kila akiondoka kwenda kutafuta chakula, huvuta majani mabichi kwa mdomo akayafunika mayai, kama mama anayemfunika mtoto shuka kabla hajatoka, ili apitaye aone takataka apite zake. Mwewe hupita. Fisimaji hupita. Bwana Usafi hakupita.

Fundi alipiga magoti akaingiza mikono ndani ya biwi. Akatoa ganda. Akatoa ganda lingine, na ute ukamchuruzika vidoleni. Akatoa yai zima, dogo, lililogeuka kahawia kwa maji ya majani. Lilikuwa na ufa. Kando ya biwi, zimelazwa sambamba, zimeoshwa, zimeanikwa, zilikuwapo reki mbili.

Alizijua hata kabla ya kuzitazama. Mikono yake ndiyo iliyozijua.

"Wewe!"

Bwana Usafi alikuwa anatoka chumba cha pampu, amevaa shati jeupe la wageni, ameshika ufagio. Akatazama nyuma yake, akatazama miguuni, akimtafuta paka.

"Wewe, wewe! Unaona paka hapa?"

"Shemeji!" Uso wa Bwana Usafi ukafunguka. "Umesema nami! Nilijua. Nilimwambia mke wangu, akiona ziwa lilivyopendeza atasema mwenyewe. Umeliona? Mimi na vibarua wa pampu tumeanza kabla ya jua. Na reki zako, shemeji, nakuapia, sijawahi kushika..."

"Hii ni nini?"

"Hiyo? Yai."

"Yai la nini?"

"La ndege. Yalikuwemo kwenye zile takataka. Hata nikashangaa, ndege gani huyo asiye na..." Akamtazama Fundi. Akatazama biwi. Wale vibisi kule katikati walikuwa bado wanalia, na yeye, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, akawasikia. Ufagio ukamtoka mkononi.

"Mungu wangu," akasema. "Shemeji, mimi sikujua."

"Hukujua! Umefagia kaburi la mama yangu, hukujua! Mgeni anakuja kuona viota, wewe umemwandalia uwanja! Hata mbuzi, hata mbuzi akiletwa mahali huangalia kwanza!" Fundi alikuwa ameshaokota reki. Hakukumbuka ameiokota. Aliinyanyua, na wepesi wake, ule wepesi aliouhangaikia jana mchana kutwa, ukampanda mpaka begani kama silaha iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

"Piga," sauti ikasema nyuma yake. "Piga, halafu nitawapikia nini, bendeji?"

Dada yake alikuwa amesimama kwenye njia yenye mawe ya chokaa. Aprani ilikuwa na unga. Alikuwa ameona kila kitu, na alikuwa halii. Fundi alimfahamu dada yake. Kulia kwake kulikuwa hakumtishi. Kutolia kulimtisha.

"Dada, mumeo..."

"Mume wangu alikuuliza."

"Aliniuliza nini?"

"Jana! Mezani! Mbele ya chai! Alikuuliza, mabiwi ya majani yanayoelea kwenye matete yana kazi gani. Kwa mdomo wake. Akakuuliza wewe unayelijua ziwa. Ukamjibu nini, Kaka? Rudia. Rudia nisikie, si ulikuwa mzaha mtamu?"

Maneno ya jana yakamrudia Fundi moja moja, na safari hii yalikuja yote.

"Na mimi nikacheka," dada yake akasema. "Mpaka mwiko ukaanguka. Nikajua ukitulia utamwambia. Miezi nimekuwa nikisema, akitulia, akitulia. Fahali wawili mmepigana, na nyasi ndizo hizo, mmezianika juani, zina mayai ndani. Wewe," akamgeukia mumewe, "ulichukua kitu cha mtu bila ruhusa, ukajua umekosea, ukaona aibu kuomba radhi. Neno moja tu lilikushinda, wewe unayejua kusema na paka. Na wewe, Kaka, umekipenda chuma kuliko mama yako. Leo maji yatamfunika, kwa sababu ya pengo. Pengo!"

Akageuka akaenda bandani. Wanaume wale wawili hawakutikisika. Akatoka ameshika tezo.

"Dada, hapana."

Akamwendea moja kwa moja. Akaunyakua mpini wa reki mkononi mwa kaka yake, akautupa juu ya jiwe, akashusha tezo. Mti ulikatika. Akashusha tena, na tena. Meno yale yaliyochongwa moja moja yaliruka huku na huku. Alipofika reki ya pili alikuwa hatazami tena. Alipiga mti, akapiga jiwe, cheche zikatoka, akapiga jiwe tena. Hakusimama mpaka reki zote mbili zikawa kuni.

Kisha akamtupia kaka yake tezo miguuni. Pengo la kwanza lilikuwa limepata mwenzake, kubwa kuliko lenyewe.

"Haya," akasema huku anahema. "Mimi pia nimeichukua bila kuomba. Mimi pia nimeiharibu. Ninunie. Ninunie, nione utakula kwa nani."

Upepo ulipita. Fundi aliitazama tezo ya baba yake, na moyo ukamuuma, kweli ukamuuma. Lakini kwa dada yake hasira haikupata mahali pa kukaa. Ilizunguka ndani yake ikirudi pale pale, kwake mwenyewe. Akalipiga teke biwi, na chini ya yale makavu likatokea tabaka lililokuwa bado limelowa, na ndani yake mayai, mazima, yana uvuguvugu.

"Ingia mashuani," akamwambia shemeji yake.

"Mimi?"

"Nimekwambia hakuna paka hapa! Beba hilo lenye mayai, lote, usimwage. Shika chini. Chini! Si hivyo, unalibana kama umemkamata mwizi!"

Bwana Usafi alilikumbatia lile rundo jeusi kifuani, juu ya shati la wageni, na maji machafu yakamchuruzika mpaka kwenye viatu. Fundi akapiga kasia. Alipajua mahali penyewe kwa matete yaliyochubuliwa na meno ya reki. Wakaliweka rundo majini polepole, na Fundi akalifunga kwa uzi wa kalafati, ule anaozibia nyufa za mashua, huku mmoja anamtukana mwenzake na mwenzake anaitikia, "Ndiyo, shemeji. Sawa, shemeji. Nimekosa, shemeji."

Walipokuwa wanarudi, waliona mtu anashuka kutoka mbugani kwa miguu.

Mtaalamu alikuwa mwanamke mrefu mwenye mabuti yaliyojaa matope mpaka magotini. Gari lake lilikuwa limekwama mbali, akaliacha. Hakukaa, hakunywa chai. Alisimama ukingoni, akaweka darubini machoni, akaipitisha taratibu kwenye matete kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akaipitisha tena.

"Mwaka jana nilipita hapa juu kwa ndege," akasema. "Ukingo huu ulikuwa umejaa."

Bwana Usafi alifungua kinywa. Njiani, ndani ya mashua, alikuwa amenong'ona kwamba pengine waseme ndege wamehama. Mkewe, aliyesimama mlangoni, alimtazama mara moja tu, kinywa kikajifunga. Naye Fundi alikuwa na maneno yake tayari, ameyapanga vizuri: mwulize huyu hapa, mwenye shati.

Mtaalamu aliinama akaokota kichwa cha reki kilichobaki na meno machache. Akakigeuza, akapitisha kidole.

"Kazi safi sana hii," akasema, bila kutabasamu. "Nani amechonga?"

Kila mtu pale kituoni alijua ni mkono wa nani. Hakuna mkono mwingine uliochonga hivyo.

"Ni mimi," Fundi akasema. "Mimi nimechonga, yeye amevuta. Lakini aliniuliza kwanza kama ni takataka, na mimi nikamtukana badala ya kumjibu."

"Ningeweza kuuliza mara ya pili," Bwana Usafi akasema chini chini.

Mtaalamu alikitupa kile kipande cha mti. "Mnataka niwasifu kwa kusema kweli?" akasema. "Nimelala garini. Nimevuka mbuga nzima matope yakiniingia butini, nije nione ndege ambao hawako tena popote. Nimekuja kuonyeshwa ufagio! Mngewachukia, ningeelewa. Nyinyi mmewafagia kwa heshima yangu." Akafuta uso kwa kiganja. "Hujenga tena, wakitaka. Si lazima watake. Kabla Idara haijakaa kuamua nitarudi. Maji yasipande, yasishuke, hata upana wa kidole. Yakishuka, kiota kinaning'inia. Yakipanda, kinang'oka. Na mtu yeyote asiguse kitu."

Akaondoka kama alivyokuja, kwa miguu, bila kuaga.

Siku zilizofuata hazikuwa za amani. Kiota walichokirudisha kilikufa: mayai yalipoa, ndege hakukaribia. Fundi alikiangalia kila asubuhi na kila asubuhi alipata hasira mpya. Lakini kulinda maji yasipande wala yasishuke ni kazi ya watu wawili. Mmoja asimame kwenye matete atazame alama aliyoichora kwenye mti, mwingine asimame kwenye lango azungushe usukani, na katikati yao kuna upepo. Paka hawezi kazi hiyo.

"Punguza!" Fundi alipiga kelele kutoka ng'ambo.

"Kiasi gani?"

"Kidogo! Kidogo, nimesema, unafungua lango au unafungua harusi?"

"Nimepunguza!"

"Umezidisha! Kwani mkono wako huo ulipewa na nani?"

"Nilipewa pamoja na shemeji mkorofi, vyote kwa bei moja!"

Mjini maji yalikuwa yanatoka kwa zamu, na redio ya kituo ilikuwa inafoka kutwa. Bwana Usafi aliwajibu wakubwa wake, ndiyo mkuu, ndiyo mkuu, kisha akaenda akasimama kwenye lango lile lile, akayashikilia maji kwenye alama ile ile, mvua ikimnyeshea. Uwanja haukufagiwa. Majani yalilala juu ya mawe ya chokaa, na hakuna aliyethubutu kusema neno.

Kisha asubuhi moja Fundi alimwona kibisi amebeba jani refu lililooza mdomoni, anaogelea nalo kwa bidii, kama mama mwenye nyumba anayerudi sokoni. Alikuwa analipeleka juu ya kile kiota kilichokufa. Fundi alikaa ndani ya mashua bila kupumua, akamtukana yule ndege kimoyomoyo kwa kuchelewa, machozi yakimtoka.

Mtaalamu aliporudi, walisimama wote wanne ukingoni. Darubini ilipita kutoka mkono hadi mkono. Kibisi alikuwa anaelea mbele ya matete, na mgongoni mwake, vichwa vyenye mistari vikichungulia kati ya manyoya, walikuwa wamepanda watoto.

"Jozi moja tu," Fundi akasema. "Inatosha?"

"Inatosha. Ukuta hautainuliwa." Akakunja darubini yake. "Si mwaka huu."

"Si mwaka huu!" Fundi akarudia. Alitazama ng'ambo, kilimani, kwenye mawe. "Kwa hiyo mama yangu nimeazimwa? Mwakani tena nije niombe?"

"Mwakani tena," Mtaalamu akasema. "Na mwaka utakaofuata. Hasira hiyo usiimalize. Utaihitaji."

Mchana ule Fundi aliketi mlangoni mwa banda na jiwe la kunolea. Angeweza kunoa mpaka mapengo yaishe, lakini chuma nacho kingeisha. Akaacha. Akanoa palipobaki, pande mbili za mapengo mawili, la shemeji na la dada, kisha akaitundika tezo kwenye msumari wake. Alipogeuka, alimwona Bwana Usafi uwanjani, ufagio mkononi, anafagia kwa uchu wa mtu aliyefunga muda mrefu, na ufagio ulikuwa unasogea kuelekea bandani.

"Mjumbe," Fundi akaanza, "mwambie huyo..."

"Paka ameacha kazi!" dada yake akapiga kelele kutoka jikoni.

Fundi alisimama. Akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa.

"Shemeji! Ukiigusa tena tezo yangu, nitakuzika wima!"

"Nimesikia, shemeji!" Bwana Usafi akajibu, na hakuacha kufagia. "Na wewe miguu yako ina matope! Zunguka nyuma!"